Mstari Mwekundu Juu ya Nati

Nekesa mwanangu,

Ni kichekesho, mama kumwandikia barua mtoto aliye chumba cha pili. Nakusikia hapa ukutani unafunga begi, unalifungua, unalifunga tena. Ningeweza kubisha mlango nikuambie kwa mdomo. Lakini unanijua. Nikikaribia jambo lenye uzito ninarukia habari za sukuma wiki, nawe unanisaidia kuruka, na mwisho wa yote tunamsema jirani na jogoo wake mpaka usingizi utushike. Karatasi haiwezi kuniuliza kama nimewafungia kuku.

Sitakuandikia habari za sweta, wala za chandarua, wala za kuchemsha maji ya kunywa huko Homa Bay. Hayo umeyasikia tangu ulipokuwa darasa la kwanza. Wala sitakuandikia habari za wanaume. Akina mama wa kanisani walimaliza kazi hiyo Jumapili, nilikuona ukiviangalia viatu vyako kama uliyepotelewa na kitu chini.

Nataka kukuandikia habari za propela.

Najua umekunja uso. Neno hilo halijatamkwa ndani ya nyumba hii tangu tumzike baba yako. Tunasema "ile kitu". Tunasema "siku ile". Hata ulipopata kazi hii ya kupima kina cha ziwa kwa boti ndogo zinazoendeshwa kwa rimoti, uliniambia tu, "Mama, nimepata kazi ya kupima maji," nami nikasema Mungu ni mwema, na hakuna kati yetu aliyetaja boti. Tukachinja kuku. Tulimla yule kuku tukiogopana.

Wewe unakumbuka yote, lakini acha niyaandike jinsi ninavyoyakumbuka mimi. Nimechoka kuyakumbuka peke yangu, na nadhani nawe umechoka.

Baba yako Wanjala alikuwa afisa wa samaki, mtu wa kuvaa buti za mpira hata harusini. Hakujua kuogelea. Wenzake walimtania sana kwa hilo, naye aliwajibu kwamba hata daktari wa ng'ombe hajui kulia kama ng'ombe. Boti yake ya kwanza aliiunda kwa plaiwudi na mota ya drili iliyokufa, ati ipeleke chakula cha samaki katikati ya bwawa la kwao, pale nje ya mji wa Kitale, mahali ambapo mkono wa mtu haufiki kurusha. Hiyo ndiyo sababu aliyowapa watu. Kweli yenyewe ni kwamba alitaka kuchezea boti, na mtu mzima akitaka kucheza lazima atafute sababu. Wewe ulishika rimoti kabla hujajua kufunga kamba za viatu. Nilikuwa nawaona kwa mbali, yeye mrefu na wewe mfupi, mmesimama kwenye ukingo wa lile bwawa mkiwa mmefungua midomo kwa namna moja.

Mimi nilikuwa, na bado ni, mtu wa posho mili. Kwenye kinu chetu hapa Kanduyi nati inakazwa kwa spana ndefu na uzito wa mwili mzima. Kwa hiyo siku nilipomwona baba yako akifunga propela kwa vidole viwili na kaspana kadogo kama ka kuchezea, nilimcheka.

"Hiyo itatoka, Baba Nekesa."

"Mama Nekesa, kinu chako kinasaga mahindi. Hii inasaga maji. Hebu wacha."

Sikuwacha. Nilimpokonya, nikakaza mimi, nikakaza tena ili ajue ameoa mtu wa nguvu. Ghafla mkono wangu ukawa mwepesi. Nati ikawa inazunguka bure, haishiki kokote. Nilikuwa nimekula uzi wote wa shafti, ile mikato ya chuma inayoishika nati. Baba yako hakunigombeza. Aliishika ile shafti juani, akaigeuzageuza, akasema, "Umeikaza mpaka imeacha kushika." Kisha akaenda kutafuta nyingine, naye alikuwa anapiga mluzi, yule mtu hakujua kununa.

Baadaye alinifundisha, na wewe ulikuwepo, umekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Nati inatangulia kwenye shafti, propela inafuata, halafu nati inarudishwa hadi vibanane, kimoja kikimshika mwenzake. Inatosha. Boti ikienda mbele, maji yenyewe yanaikaza propela. Ni kurudi nyuma ndiko kunakoifungua, hasa mtu akiirudisha ghafla kwa nguvu zote. "Ukitaka kurudi nyuma," alikuwa anakuambia, "simama kwanza. Iache itulie, halafu urudi polepole." Na zile nati zenye pete ya plastiki ndani, akasema, zinachoka. Ikishafunguliwa na kufungwa mara nyingi, pete inalainika, haing'ang'anii tena, ni ya kutupa. Alisema hivyo yeye, mtu ambaye hakuwahi kutupa kitu maishani mwake. Mifuko ya shati lake ilikuwa inalia kama ya mtoto anayebeba vifuniko vya soda.

Mstari mwekundu ulikuwa mchango wangu. Ndicho kitu pekee nilichowapa nyinyi wawili katika mambo yenu ya boti, na nilijivunia sana. Kwenye kinu nilikuwa nimezoea kuchora mstari wa rangi ya kucha kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma inachokishika. Asubuhi nikifungua, naangalia. Mstari ukiwa umenyooka, nati haijasogea. Ukiwa umekatika, kuna kitu kimelegea na sisagi mahindi ya mtu mpaka nijue ni nini. Baba yako alipoona hivyo alipiga makofi kama mtu aliye mkutanoni. Tangu hapo tukaweka desturi yetu: aliyefunga hachori. Aliyefunga ameshaitazama sana, anaona anachotaka kukiona. Wewe ulifunga, maana vidole vyako vilikuwa vyembamba na vitulivu. Mimi nilikagua nikachora. Na boti isiyo na mstari haikuingia majini.

Sasa siku ile.

Ilikuwa Desemba, jamaa wote wamekuja Kitale, ng'ombe amechinjwa, watoto wamejaa uwanjani kama kumbikumbi. Baba yako alikupa nati kutoka mfuko wa shati. Sijui ilikuwa imetumika mara ngapi. Ukaifunga. Kisha ukaniletea boti pale jikoni, umeibeba kama mtoto mchanga, ukasema, "Mama, mstari."

Nilikuwa na unga mikononi. Chupa ya rangi ilikuwa ndani ya mkoba wangu, ndani ya nyumba, maana asubuhi hiyo nilikuwa nimeitumia kwenye kucha zangu, nami nilitaka shangazi yako Robai azione. Nilikuwa katikati ya hadithi tamu. Sikunyanyua hata macho kuitazama ile nati. Nilisema, "Itakaa tu. Kwani inaenda Uganda?"

Jikoni pote watu wakacheka. Na wewe ukacheka. Nimekisikia kicheko chako hicho kila siku tangu siku ile.

Uliporudi bwawani, baba yako mkubwa Mukhwana akakuomba rimoti awafurahishe watoto. Alikuwa anaipeleka mbele kwa kasi, anairudisha nyuma, mbele, nyuma, na watoto wanapiga kelele. Sisi wa jikoni tukatoka kutazama. Halafu mota ikalia kwa sauti nyembamba na boti ikasimama. Ikawa inaelea tu, upepo unaisukuma kuelekea kwenye matete upande wa pili.

Baba yako alivua buti zake. Zile buti! Hakuwahi kuzivua kwa ajili ya mchungaji wala kwa ajili ya gavana, akazivua kwa ajili ya boti. Akakunja suruali akaingia. Maji yalimfika magotini, kiunoni, kifuani. Watu walikuwa wanamshangilia. Aliifikia boti, akaiinua juu ya kichwa kama kombe, akaigeuza aone nyuma yake, akapiga kelele, "Imetoka!" Akapiga hatua moja upande. Chini ya bwawa lile kuna tope ambalo sisi wote tulilijua, yeye zaidi yetu. Akashuka.

Tulidhani anatania. Nilicheka, Nekesa. Nataka hilo pia liandikwe. Kwa muda fulani mume wangu alikuwa anakufa na mimi nilikuwa nacheka, mpaka nilipokuona wewe hucheki.

Sitaandika habari za kumtoa. Mukhwana na wenzake walifanya walichoweza.

Lakini kilichonifanya nichukue kalamu ni siku ya mazishi. Kwetu mtu hafi hivi hivi, unajua. Hata akifa kitandani, mzee wa miaka yote, bado kuna mtu pembeni atauliza ni nani. Ndiyo maana huwa anasimamishwa mzee mwenye hekima awatulize watu, awaambie msiba ni wa Mungu, asitafutwe mtu. Mzee wetu alisema vizuri sana. Alikuwa ndiyo amekaa tu, bado anajipangusa jasho, mimi nikasimama. Hakuna aliyeniita. Nikasema kwa sauti ambayo mpaka leo siamini ilikuwa yangu:

"Nani alifunga hiyo propela?"

Ulimi hauna mfupa. Watu wote wa ukoo walijua ni nani hufunga. Macho yote yakakugeukia, wewe na sweta yako ya shule, maana hatukuwa tumepata nguo nyingine nyeusi ya kukutosha. Wewe hukuwatazama watu. Ulinitazama mimi. Na nilikuona unafungua mdomo, nikajua unachoweza kusema. Ulikuwa na haki ya kuniuliza, mbele ya wote, "Na nani alikataa kuchora mstari?" Jibu ulikuwa nalo mdomoni. Ukaufunga mdomo. Ukaufungua tena, ukasema, "Ni mimi."

Ulinificha. Ulikuwa mtoto, umefiwa na baba ambaye alikuwa rafiki yako kuliko mtu yeyote, na ukanificha mimi mtu mzima nyuma ya mgongo wako. Nami nikakubali kufichwa. Nimefichwa hapo mpaka leo asubuhi.

Na unajua ni kwa nini nastahili lawama zaidi ya mama mwingine? Kwa sababu mimi nililijua swali hilo lina ladha gani. Nilipokuwa mdogo Malakisi, tulikuwa tunakausha tumbaku kwenye banda la moto, na moto ule lazima uangaliwe usiku kucha. Zamu yangu ilipofika nilisinzia. Banda likaungua lote na jasho la mwaka mzima ndani yake. Baba yangu hakunichapa. Aliuliza tu, mbele ya majirani waliokuja kuzima, "Nani alikuwa na zamu?" Tangu siku hiyo hadi siku niliyoolewa, sikuachiwa moto nyumbani kwetu. Hata wa kuchemsha chai, mama alisimama karibu. Nilijiapia kwamba nikipata mtoto sitamuuliza "nani" mbele ya watu. Ona nilivyokitunza kiapo changu.

Nimeyaona yaliyofuata. Watu hawakukutukana, watu wetu si wa matusi. Shangazi yako Robai alianza tu kusema ameshiba kila unapompelekea chai. Watoto wa Mukhwana waliambiwa wasikupe baiskeli zao uwakazie. Vitu vidogo vidogo, na wewe ukavipokea kama vile ni haki yako.

Kisha ukaanza kukaza.

Ulidhani sioni? Mfereji wa jikoni uliufunga mpaka nikamwita fundi aje na koleo. Chupa ya njugu ya kusaga hakuna mtu mwingine anayeweza kuifungua nyumba hii. Mtungi wa gesi unaukagua, unarudi kitandani, unaamka unaukagua tena. Lile boliti la kinu lililokatika mwezi uliopita, tukalaumu chuma cha siku hizi. Nilijua ni wewe. Nilikuona jioni ile umeegemea spana kwa mwili wote, macho umeyafumba. Nilisimama mlangoni na neno la baba yako la siku ile ya shafti likanijia, na sikulisema. Nilienda kupika.

Sasa unaenda mahali ambapo kazi yako itakuwa ni kufunga propela. Kila asubuhi. Ninaogopa, Nekesa. Siogopi kwamba utafunga vibaya. Naogopa utakaza mpaka kitu kikatike, na sisemi shafti.

Ndiyo maana leo nilitoka alfajiri. Uliporudi sokoni ukaniuliza tope la viatu vyangu limetoka wapi, nikakuambia nilienda Tongaren kuangalia mahindi ya kununua. Nilikudanganya. Nilikuwa Kitale.

Nilikuwa nimempigia Mukhwana simu, nikamwomba amwite Robai na wale majirani waliokaa karibu siku ya mazishi, wale walio hai na wenye miguu. Neno lililosemwa mbele ya watu haliondolewi kwa kunong'ona. Tukasimama pale kaburini, nyuma ya zizi. Robai alikuja na leso mbili na uso wa Ijumaa Kuu.

"Mama Nekesa," akasema hata kabla sijaanza, "maneno ya matanga si unajua hairudi? Maji ikimwagika imemwagika."

"Sikuja kuyazoa, Robai. Nimekuja kusema aliyeyamwaga ni mimi."

Nikawaambia. Niliwaambia habari za mstari, na kwamba uliniletea boti mikononi, na kwamba nilikuwa na kucha mpya. Baadhi yao walikuwa jikoni siku ile, walicheka na mimi ule mzaha wa Uganda, na nikaona wanakumbuka. Nikasema swali nililouliza hapa halikuwa swali, lilikuwa jiwe, na nililirusha ili lisinirudie.

"Sasa unataka kusema ni nani?" Robai akauliza. Ndivyo alivyo. Hawezi kurudi nyumbani bila jina.

"Kama lazima awe mtu, basi niwe mimi. Mtoto mumwachilie."

Halafu baba yako mkubwa, ambaye sijawahi kumwona akilia hata siku ya mazishi, akachuchumaa pale kwenye nyasi kama mtu aliyepigwa.

"Wacha, shemeji," akasema. "Wacha kabisa. Rimoti ilikuwa kwa mkono ya nani? Si ni mimi nilikuwa naenda mbele nyuma, mbele nyuma, ati nafurahisha watoto? Wanjala aliniambia mara ngapi, 'Ndugu, simamisha kwanza.' Mimi ndio najua vile huwa nalala, bana."

Miaka yote hii, Nekesa. Yeye huko na mimi huku, kila mtu amekalia kipande chake, na wewe umebeba chote. Na kama wangefufua nati yenyewe, ingesema imechoka na ilipaswa kutupwa. Na baba yako, Mungu amlaze pema, angesema aliingia majini kwa miguu yake mwenyewe, akijua hajui kuogelea, kwa sababu alipenda kushangiliwa. Nampenda mpaka sasa na bado nina hasira naye kwa hilo.

Robai alirekebisha leso yake akaenda zake jikoni. Nilipokuwa naondoka alinifuata hadi kwenye lango, akiangalia barabara wala si mimi, akasema, "Huyo msichana akifika, anipigie." Sijui kama huo ni msamaha. Robai ni Robai. Lakini hajawahi kuomba umpigie, kwa hiyo mpigie.

Sasa nikuachie mambo ambayo nimeyapata kwa kuchelewa, nawe uyachukue au uyaache.

Siku moja huko ziwani propela itatoka. Utakuwa umeifunga vizuri, na itatoka. Gugumaji litaizonga, au mtu mwingine atashika rimoti na kuirudisha nyuma kama wazimu, au chuma kitachoka tu. Boti itasimama katikati na upepo utaichukua. Nakuomba kwa jina la baba yako: iache iende. Iwe ya serikali, iwe ya mzungu, iwe na mitambo ya thamani ya ukoo mzima ndani yake, iache. Watakuuliza, "Nani alifunga?" Sema "mimi" kwa sauti ya kawaida, na usiongeze neno. Usiingie majini kulipia.

Na usifunge peke yako. Hili ndilo linaniumiza zaidi, kwamba tangu siku ile umefanya yote mawili, unafunga na kukagua mwenyewe, na kukagua tena, kwa sababu uliyemwamini akague alikuangusha. Una haki. Lakini mtu mmoja hawezi kuwa macho yake na macho ya mwenzake. Tafuta mtu huko, hata kama ni yule anayechelewa kazini kila siku, umwambie, "Nimefunga, hebu angalia." Atakuangusha siku moja. Si wote wataua mtu kwa kukuangusha. Mimi ilinitokea, na bado ninakuomba uwaamini watu, angalia vile nilivyo na uso mgumu.

Na kazi ikikushinda, au wao wakikushinda, usirudi kwa kujitupa usiku bila kumwambia mtu, kama nilivyowahi kurudi kwetu Malakisi mwaka wa kwanza wa ndoa yangu, nikaacha hata viatu, nikashindwa wiki hiyohiyo kueleza nilichokimbia. Baba yako alikuwa amechelewa kurudi kutoka kazini tu. Simama kwanza. Utulie. Halafu uje. Utanikuta kwenye kinu, nimejaa unga, na hakuna atakayekuuliza nani wala kwa nini mpaka ule.

Taa inataka kunizimikia, na wewe sasa umenyamaza upande wa pili. Kuna jambo moja zaidi.

Najua kuhusu boti uliyoiunda. Ulidhani ule msasa nyuma ya kinu sisikii? Miezi yote hii ulipokuwa unaniambia unasafisha magunia, nilikuwa nanusa vanishi. Nimeiona leo ndani ya boksi pale koridoni, chini ya mablanketi, umeificha kama mtu anayesafirisha pombe haramu ya chang'aa. Ni nzuri, Nekesa. Ina tumbo la ile ya kwanza ya baba yako, lakini pua ni yako. Nilikaa chini sakafuni nikiwa nayo mapajani na nililia vizuri, kilio ambacho sikuwa nimekilia.

Kisha nikaigeuza nione nyuma. Propela ya shaba, nati mpya. Haina mstari.

Nilienda kuchukua chupa. Nilinunua nyingine zamani, ile nyekundu ileile, na sijawahi kuifungua. Ilikuwa imeanza kuganda ikabidi niipashe moto mikononi. Nimevaa miwani. Nimeshika tochi ya simu kwa meno. Nimeiangalia nati ile kutoka kila upande, kama nilivyopaswa kuiangalia siku ile, na nikajaribu kuizungusha kwa vidole. Haikusogea, na haikuwa imekazwa kupita kiasi. Sikuhitaji spana. Nikachora.

Rangi itakuwa imekauka ukiamka. Mtu yeyote akikuuliza ni nani alifunga propela hii, mwambie ni wewe. Mwambie pia kwamba mama yako aliikagua, akakuta imefungwa vizuri.

Ni mimi, mama yako,
niliye hapa ukutani.